Rogue, NetHack au Angband: niweke lipi kabla ya kwenda Tukuyu?

Mpiga_Amri: Mugonile wakuu. Jumamosi naenda Tukuyu kwa babu, mwezi mzima, na mtandao kule ni wa kubahatisha. Leo nina bando. Nataka gemu moja la terminali (lile dirisha la kuandika amri), yale ya herufi, wewe ni @ unashuka shimoni. Nimebaki na hayo matatu. Lipi?

Baba_Wawili_Uyole: Mashine gani? Mfumo gani? Kibodi ina namba pembeni? Watu mnauliza kama mnaagiza chai.

Mpiga_Amri: Linux, mkuu. Laptopu ya mtumba, nimeichukua Mwanjelwa.

Baba_Wawili_Uyole: Nimeuliza namba.

Mpiga_Amri: Haina.

Dada_Kihesa: Kamwene. Kama haina namba, Angband itakusumbua mwanzoni, maana bila kubadili mpangilio wa vitufe, kwenda mshazari kunategemea zile namba. NetHack unatembea kwa h, j, k, l, na mshazari ni y, u, b, n. Hizo h, j, k, l si uchawi: terminali ya ADM-3A, mashine ya zamani ya skrini na kibodi, ilikuwa na mishale imechorwa juu ya herufi hizo, na ndiyo Bill Joy aliyoitumia kuandika vi, programu ya kuhariri maandishi. Ukirudi chuo vidole vitakuwa vimeshazoea.

Kijana_Makambako: vi mwaka huu dada? nano, kihariri chepesi, inatosha.

Dada_Kihesa: Inatosha kuandika barua.

Baba_Wawili_Uyole: Anza na baba yao, Rogue. Toy na Wichman waliianza kule Santa Cruz mwaka 1980 hivi, Ken Arnold akaungana nao, na ilipoingia kwenye BSD, mfumo wa Unix wa Berkeley, ikatapakaa vyuoni. Monsta wote ni A mpaka Z, basi. B ni popo, D ni joka. NetHack ya 1987 kila mtu alitupia chake kupitia Usenet, mabaraza ya mtandao ya zamani, ikawa pilau lenye kila kitu.

Fundi_wa_Sae: Ngoja niwaeleze yaliyonikuta na hilo pilau. Nilikuwa na Valkyrie wangu, yule shujaa wa kike, wiki tatu namlea, nimemvusha Sokoban, sehemu ya mafumbo ya kusukuma mawe, ana silaha za maana. Saa nne usiku umeme ukakatika. Kompyuta ni ya mezani, haina betri, ikazima papo hapo. Ulivyorudi nikafungua, gemu ikaniambia kuna mchezo unaendelea kwa jina langu, je, uufute? Nikadhani ni takataka zimebaki, nikabonyeza y. Kumbe kulikuwa na programu ndogo inaitwa recover, ingekusanya yale mafaili ya levo na kunirudishia kila kitu. Nilikuja kujua miezi miwili baadaye. Mke wangu bado ananicheka. Sasa mdogo wangu, betri yako inakaa muda gani?

Mpiga_Amri: Dakika ishirini hivi.

Baba_Wawili_Uyole: Na hilo ulikuwa unatuambia lini?

Kijana_Makambako: Rahisi tu. Kila ukiseivu, nakili faili la seivu pembeni. Ukifa unarudisha.

Dada_Kihesa: Huo ni wizi. Ukifa umekufa, ndiyo ladha yake.

Kijana_Makambako: Na wewe uliyesoma msimbo wa C wa NetHack kujua kila chakula chenye sumu?

Dada_Kihesa: Msimbo uko wazi, kuusoma ni elimu.

Fundi_wa_Sae: Nisingekuwa na huo ugomvi kama ningekuwa na nakala.

Baba_Wawili_Uyole: Mwenye swali kapotea. Umeamua nini?

Mpiga_Amri: Nimejaribu Rogue kwanza, mkuu. Popo kaniua levo ya pili.

Baba_Wawili_Uyole: Popo? Yule anarukaruka ovyo, hata hakufuati!

Mpiga_Amri: Nilikuwa natafuta y ilipo.

Kijana_Makambako: Kuna aliyejaribu Angband kwenye simu?