Mwenge (Dar) hadi Bagamoyo kwa baiskeli: tujiandae vipi?

Wakuu, Jumamosi tunatoka watu 12, kama kilomita 60. Tubebe nini?

— Mkuu, ondokeni saa 12 asubuhi kabla jua halijachoma. Maji lita 2 kila mtu, na tyubu ya akiba ya saizi ya rimu yake. Pampu mbili zinatosha kundi zima.

— Naongezea pancha. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mara nyingi utakuta kiwaya chembamba cha tairi la lori lililopasuka. Usipokitoa, tyubu mpya inatoboka palepale. Kiraka: sugua tyubu kwa msasa, paka solisheni (gundi ya viraka), subiri dakika 5 ikauke. Ukibandika ikiwa mbichi, kinabanduka.

— Barabarani mstari mmoja, tafadhali. Wa mbele akiona shimo apige kelele, wa nyuma hawalioni.