Mahindi yamegeuka zambarau na mbolea ya DAP niliweka. Niongeze?

Mama Wawili: Wakuu, nisaidieni. Nina ekari mbili Umalila, Mbeya. Mahindi yana wiki tatu, yamedumaa, majani ni zambarau pembeni. DAP niliweka mfuko kwa ekari. Niongeze, au niwahi kukuzia na urea? Usingizi sipati.

Jembe Kali: Zambarau hiyo ni njaa ya fosforasi. Ulifukia au ulimwaga juu? Fosfeti, yaani fosforasi iliyomo kwenye DAP, haitembei, punje ikiyeyuka inasogea milimita chache tu.

Bibi Tukuyu: Hata baridi huleta zambarau, jua likiwaka inaondoka. Marehemu mzee wangu alitumia samadi tupu, na tulisomesha watoto sita. Siku hizi mnapenda vya dukani.

Mama Wawili: Nilifukia kwenye shimo.

Jembe Kali: Pamoja na nini?

Mama Wawili: Na chokaa kidogo. Si udongo wetu una tindikali?

Jembe Kali: Chokaa gani, dada?

Mama Wawili: Ya kupaka ukuta. Nilichanganya na DAP kwenye beseni niokoe muda. Ila chokaa si ndiyo dawa ya tindikali? Jirani naye hutumia chokaa.

Jembe Kali: Ulisikia harufu ya kuchoma pua? Ilikuwa amonia, nitrojeni ya DAP yako ikipaa. Fosfeti nayo ikashikwa na kalsiamu. Kwenye tindikali inashikwa na alumini na chuma, na udongo wa volkano ndio hodari kwa kuishika. Chokaa ni ya kilimo, inasambazwa shamba zima na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Mzee wa Vwawa: Angetumia Minjingu, mbolea ya fosfeti ya mwamba. Mwamba ule wa Manyara unayeyushwa na tindikali yenyewe. Ila ukiutia chokaa, unauzuia.

Dogo Mwanjelwa: Uzi wa kutunga huu. Chokaa ya ukuta kwa mikono mitupu? Ungeungua. Picha iko wapi?

Mama Wawili: Vidole vilichubuka, nikadhani ni jembe. Nitunge ili iweje? Hela ni ya kikoba, na mifuko miwili mingine ya DAP nimeshailipia nusu. Siwezi kuiacha.

Bibi Tukuyu: Pole mwanangu. Usimalizie hiyo nusu kabla hujapeleka udongo ukapimwe TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo.

Mama Wawili: Ndaga, bibi. Kesho napanda gari la alfajiri. Nichote wa kwenye shimo au wa katikati ya mistari?

Jembe Kali: Yote. Mifuko tofauti, na uandike upi ni upi.