Tupeane uzoefu: deki za Magic zilizobadilisha namna ya kujenga deki

Wakuu, uzi huu ni wa deki (seti ya kadi anazochezea mtu) za zamani za mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering zilizoacha alama mashindanoni. Ubishi wa ipi ilikuwa kali kuliko zote tuuache. Leta moja ambayo baada yake watu hawakujenga deki kama zamani, eleza injini yake inavyozunguka, na useme anayeiiga huchemsha wapi.

Nafungua na "The Deck" ya Brian Weissman, katikati ya miaka ya 1990. Kiumbe wa kushindia alikuwa Serra Angel, nakala 2 tu. Mpinzani aliyejaza kadi za kuua viumbe alijikuta kashika garasa mkono mzima. Moat huzuia viumbe wasioruka kushambulia, na Angel anaruka, kwa hiyo ukuta unamfungia mwenzako peke yake. Jayemdae Tome inakulambisha kadi ya ziada kwa mana 4 (mana ni nishati ya kulipia, hutoka hasa kwenye kadi za ardhi), Disrupting Scepter inamtupisha yeye moja kwa mana 3. Kosa la kawaida ni kumtoa Angel mapema. Ana nguvu 4, mapigo 5 yanamaliza pointi 20 za uhai. Subiri mpinzani akauke mkono, ndipo umtoe Angel.

Jibu la 1
Necropotence, kiangazi cha 1996. Kadi yenyewe ilitoka 1995 kwenye Ice Age, inagharimu mana 3 nyeusi, na kwa kuitazama tu inaonekana ya hasara: hulambi tena kadi ya kila zamu. Badala yake unalipa pointi 1 ya uhai kwa kila kadi, nazo zinaingia mkononi mwisho wa zamu yako. Dark Ritual hugeuza mana 1 nyeusi kuwa 3, hivyo Necropotence inaweza kukaa mezani zamu ya kwanza kabisa.

Hesabu ndipo wengi wanapopotea. Kikomo cha mkono ni kadi 7. Ukiwa na 3, lipa 4. Ukilipa 6 utalazimika kutupa 2, na Necropotence huziondoa mchezoni moja kwa moja badala ya kuziacha kaburini (rundo la kadi zilizokwisha tumika). Tumia kadi kwanza, ndipo ulipe.

La pili ni Nevinyrral's Disk. Inavunja vifaa, viumbe na arogo (uchawi unaokaa mezani) zote, pamoja na Necropotence yako mwenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo: uhai ukibaki 3 au 4, unalipua meza na kurudi kulamba kadi kama kawaida. Disk huingia ikiwa imelala (haitumiki papo hapo), kwa hiyo iweke zamu moja kabla hujaihitaji. Drain Life, inayomnyonya mpinzani uhai, inarudisha uliolipa.

Jibu la 2
Sligh, 1996. Imebeba jina la Paul Sligh aliyeicheza, ila fikra ni ya Jay Schneider. Ukitazama kadi moja moja utacheka: Ironclaw Orcs kweli? Kilichopangwa pale ni mteremko wa gharama, kwamba kila zamu mana yote itumike. Kuhusu moto wake (kadi za kumchoma mpinzani uhai), Lightning Bolt ni pointi 3, kwa hiyo Bolt 7 zinaua mtu.

Waigaji wanapunguza ardhi halafu wanaacha kadi za gharama 4 na 5. Kwenye deki ya kadi 60, ukishusha ardhi kutoka 24 hadi 20, uwezekano wa kuanza na ardhi 0 au 1 mkononi unapanda kutoka takriban 14% hadi karibu 25%. Sligh inavumilia hilo kwa sababu kadi zake nyingi ni za mana 1 na 2. Yako je?

Jibu la 3
ProsBloom, aliyoshindia Mike Long mashindano ya Pro Tour Paris 1997. Cadaverous Bloom hugeuza kila kadi ya mkononi kuwa mana 2, nyeusi au kijani. Prosperity ya X inagharimu X na mana 1 ya bluu, inakupa kadi X, yaani mana 2X. Zungusha mara mbili tatu, maliza kwa Drain Life: kwa pointi 20 unahitaji mana 22, sawa na kadi 11.

Mitego miwili. Bloom haitoi bluu, kwa hiyo kila Prosperity inahitaji Island (ardhi ya mana ya bluu). Usizimalize zote kwenye Squandered Resources (kadi ya kutoa ardhi kafara upate mana). Na X ya Drain Life hulipwa kwa mana nyeusi tu. Zaidi ya hapo, Prosperity inamlambisha mpinzani vilevile.

Jibu la 4
Tolarian Academy ya 1998 naipita, ile ilikuwa kasoro ya kadi. Affinity, deki ya kadi za vifaa, ina mafunzo zaidi. Skullclamp ilifungiwa mashindanoni Juni 2004, na Machi 2005 zikafuata Arcbound Ravager, Disciple of the Vault na ardhi 6 za vifaa. Kadi 8 kwa mkupuo!

Anayeiiga humlisha Ravager (kiumbe anayekua kwa kula vifaa) vifaa vyote mapema. Akiuawa, alama zake za nguvu huhamia kiumbe mwingine wa kifaa. Asipokuwepo, umebaki mtupu. Hakikisha Frogmite au Myr Enforcer yupo mezani, na ulishe pale tu mpinzani anapojibu au asipozuia.

Jibu la 5
Caw-Blade, aliyoshindia Ben Stark Pro Tour Paris 2011. Watu wanakumbuka Jace, the Mind Sculptor na Stoneforge Mystic, zilizofungiwa mwaka huohuo, lakini gundi ni Squadron Hawk. Jace anakulambisha 3 na unarudisha 2 juu ya deki: rudisha Hawk mbili, kisha cheza ya tatu. Inazitafuta zile mbili na deki inachangwa upya. Umepata kadi 3 bila kupoteza kitu. Ukimcheza Hawk kwanza na Jace baadaye, utalamba tena takataka ulizorudisha.

Jibu la 6
Nyongeza kwa Jibu la 1: dhidi ya deki ya moto kama Sligh, usilipe ukashuka chini ya pointi 7. Bolt mbili ni 6.