Hatari ya kujiua kwa vijana: mbona haifanani kati ya jamii na jamii?

Mshauri_wa_Shule
Wadau, habari zenu. Shule ni ya sekondari, Marekani, wanafunzi mchanganyiko: Wenyeji wa asili, Weusi, Walatino na watoto wa wakimbizi wa Kongo wanaoongea Kiswahili nyumbani. Kitaifa, Wenyeji wa asili ndio wanaoongoza kwa kiwango cha vifo vya kujiua. Tatizo ni asili ya mtu au kuna kingine? Na dodoso moja linawatosha wote?

Tabibu_K
Asili si sababu. Tazama British Columbia, Kanada. Watafiti Chandler na Lalonde walipitia vifo vya vijana katika jamii karibu 200 za Wenyeji, 1987 hadi 1992. Zaidi ya nusu ya jamii hizo hakujiua kijana hata mmoja. Chache tu zilibeba karibu vifo vyote. Na zote zilinyang'anywa ardhi. Kilichotofautiana ni nani anashika usukani: kujitawala, kudai ardhi, shule, afya, polisi na zimamoto, na majengo ya shughuli za mila. Zilizokuwa na yote sita hazikupoteza kijana kwa kujiua kipindi hicho. Ila huo ni uhusiano wa takwimu, msikimbilie kuanzisha ngoma za Ijumaa mkadhani mmemaliza kazi.

Bi_Zawadi
Naongezea Waapache wa White Mountain, kabila la Wenyeji wa asili huko Arizona. Tangu 2001 sheria yao inataka kila tukio la mtu kutaka kujiua liripotiwe, na mfanyakazi wa jamii hiyohiyo humfuata mhusika hadi aliko na kumuunganisha na matibabu. Kiwango cha vifo 2007–2012 kilishuka kwa asilimia 38 kulinganisha na 2001–2006. Ripoti isiyo na mtu wa kuifuatilia inaishia kabatini.

Dodoso: ASQ, dodoso fupi la kupima hatari ya kujiua, ina maswali manne. Akijibu ndiyo kwa lolote, unauliza la tano, kama ana mawazo ya kujiua sasa hivi. Waulizeni wote, bila kuzunguka. Kuuliza hakumpi mtoto wazo la kujiua. Kinachoharibu ni mazingira. Mdogo wake akiwekwa mkalimani, au mtu anayesali kanisa moja na mama yake, mtapata "hapana" zote nne. Tumieni mkalimani wa simu wa jimbo jingine, majina yasitajwe. Na mtoto anayelalamika kichwa na tumbo kila wiki, hapati usingizi, amekuwa mkali ghafla, "hapana" yake msiipokee haraka.

Mshauri_wa_Shule
Asante, Bi Zawadi. Akijibu ndiyo, na wazazi wanasema ni pepo?

Tabibu_K
La tano likiwa ndiyo, asibaki peke yake. Hata chooni mtu asimame mlangoni, na apimwe kikamilifu siku hiyohiyo. Likiwa hapana, bado anahitaji tathmini fupi kabla hajaenda nyumbani. Andikeni naye mpango wa usalama wa wanasaikolojia Stanley na Brown: dalili zake, anachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, wa kumwomba msaada, wataalamu, kisha nyumba. Hiyo ya nyumba ndiyo hurukwa. Bunduki itoke, au ifungwe na risasi zikae kwingine. Dawa zote, za bibi zikiwemo, ziingie kwenye sanduku la kufuli.

Habari ya pepo msibishane nayo. Mchungaji aendelee kuomba, dawa zifungwe leo. Andikeni 988, namba ya Marekani ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua, kwenye karatasi ya mpango huo, na mzazi aambiwe apige simu maana mkalimani yupo. Ujumbe mfupi hupokewa kwa Kiingereza na Kihispania tu.