Trojani kwa mashine ya saiba: fundi afomati, ninunue antivairasi, ama hii Defender inatosha?

NyarKondele
Wadau habari za jioni. Niko na kasaiba kadogo hapa Kondele, na tangu wiki jana mashine moja inanisumbua. Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows, inasema imepata trojani, nabonyeza iondoe, inasema imeondoa, kesho yake iko hapo tena kama mgeni wa Krismasi. Fundi anataka 1,500 afomati, yaani afute kila kitu aweke Windows upya. Kijana wangu wa dukani anasema ninunue antivairasi ya Kaspersky ya mwaka mzima nisahau hayo mambo. Mteja mwingine akaniambia Malwarebytes ya bure inatosha. Nichukue gani? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi.

fundi_lanet
Mama, hapo umetuuliza dawa bila kusema mgonjwa anaumwa wapi. Windows gani, 10 ama 11? Ni orijino ama iliamshwa na kraki, ile programu ya kuvunja leseni? Jina kamili la hiyo trojani ni gani na imekaa kwa folda gani? Defender huandika hayo yote kwa historia ya ulinzi. Na mashine ziko ngapi?

JaKano_
Kaspersky. Natumia tangu niko kampasi Maseno na laptopu yangu haijawahi hata kukohoa.

mwl_webuye
Si Marekani walipiga hiyo marufuku 2024? Kampuni ni ya Urusi, Mrusi atakusoma mpaka meseji za chama.

JaKano_
@mwl_webuye Marekani walizuia isiuzwe kwao. Kondele imekuwa Marekani lini? Huku inauzwa na inapata apdeti. Na nyinyi mnaogopa Mrusi, kwani huyo amekaa kwa mashine ya huyu mama sai ni mjomba wake?

NyarKondele
Poleni nilikuwa na wateja. Mashine tatu, zote Windows 10, nilinunua zikiwa zimetumika kwa hivyo mambo ya orijino sijui. Jina ni Trojan:Win32/Wacatac.B!ml, folda ni ile ya Temp, ya mafaili ya muda. Nimembana kijana akakubali, alipakua Photoshop ya bure ya kutengenezea picha za pasipoti, na maelekezo yalisema azime antivairasi kwanza ndio iingie 🙄

fundi_lanet
Basi mlango tumeuona. Trojani haijisambazi yenyewe vile wormu hufanya, inajifanya kitu unachotaka halafu inangoja mwenye nyumba aifungulie. Hiyo !ml mwishoni inamaanisha Defender imekisia kwa kuangalia tabia ya faili, saa zingine inakosea kabisa, lakini kitu kinachorudi kila siku kwa Temp baada ya kraki sidhani imekosea. Kile unafuta ni mtoto. Mama yake amejificha pengine, mara nyingi kwa Task Scheduler, ile ya Windows ya kuanzisha kazi kwa ratiba, ama kwa programu zinazoanza na mashine, akiona mtoto hayuko anazaa mwingine.

Ningekuwa wewe ningetoa hiyo mashine kwa intaneti kwanza. Ung'oe hiyo Photoshop, halafu upige skani ya Defender Offline, hiyo inazima mashine na kuskani kabla Windows haijaamka kwa hivyo mdudu hana pa kujificha, ni kama robo saa hivi. Baada ya hapo Malwarebytes ya bure kama jicho la pili. Ya bure inaskani na kuondoa tu, kulinda saa zote ni ya kulipia. Na usilundike antivairasi mbili zote zikilinda kwa wakati mmoja, zitapigana na mashine itatambaa.

wa_njoro
Mama usikimbilie kufomati kabla hujasikia yangu. Mwaka fulani nilikuwa nachapa kazi za wanafunzi, mashine na flashi yangu zikashika mdudu wa kugeuza folda zote kuwa shotkati, nikapeleka kwa fundi mmoja hapa mjini Nakuru sitamtaja, akaniambia hii ni kufomati tu nikakubali, sikuuliza kuhusu mafaili nikidhani ni kitu yeye anajua, narudi jioni nakuta Windows mpya inang'aa na diski ya D yote imefutwa, kazi za watu kumi na mmoja na projekti ya mtu alikuwa anadifendi Jumatatu. Nililia hapo kwa kaunta. Na uchungu si huo peke yake, siku tatu baadaye shotkati zimerudi, kumbe alifunga Windows na flashi yake ile ile anachomeka kwa kila mashine ya mji mzima, na kraki ya kuamsha Windows iko humo ndani. Yaani nililipa nikarudishiwa ugonjwa wangu. Halafu nikajua baadaye mafaili kwa ile flashi yangu hayakuwa yamepotea, yalikuwa yamefichwa tu, ni ile amri ya attrib unaandika yanaonekana.

fundi_lanet
Huyo si fundi. Kufomati ni sawa na kwa hii kesi huenda ndio salama zaidi, bora uhifadhi mafaili kwanza, picha na dokumenti tu, usibebe hata .exe moja, na Windows itoke kwa tovuti ya Microsoft yenyewe.

mwl_webuye
Mnasahau kitu kikubwa. Trojani za siku hizi nyingi zinakuja kuiba pasiwedi zilizohifadhiwa kwa brauza. Hapo saiba watu wameingia eCitizen, iTax, HELB, imeili. Mama, hata ukisafisha leo kilichoibiwa kimeenda. Badilisha zako kwa simu, si kwa hiyo mashine, na wateja uwaambie.

NyarKondele
Mwalimu sasa hapo umenitoa jasho. Niwaambie wateja? Si watahama waende kwa jirani.

mwl_webuye
Waambie tu. Na saiba zote tuna ugonjwa mwingine, fomu ya kodi ya KRA ya Excel haisongi bila kuwasha makro, zile programu ndogo ndani ya faili, mkono umezoea, mtu akileta invoisi ya Word yenye makro tunawasha bila kuangalia.

pengwini_kakamega
Ndio maana nasema kila siku wekeni Ubuntu, mfumo wa bure badala ya Windows. KRA wako na fomu ya ODS, inafunguka kwa LibreOffice, ile ya bure badala ya Word na Excel. Windows 10 yenyewe Microsoft waliimalizia msaada 14 Oktoba 2025.

JaKano_
Huyu na Ubuntu wake amefika 😂 Mteja akitaka Photoshop utamwambia nini?

pengwini_kakamega
GIMP, programu ya kuhariri picha. Na ni bure ya halali.

JaKano_
Nipigie picha ya pasipoti na GIMP ukiwa na laini ya watu sita nikuone.

wa_njoro
Lakini mama hujasema kama flashi za wateja zinaingia kwa hizo mbili zingine pia?

NyarKondele
Zinaingia zote. Sasa utamkataza mtu kuja saiba na flashi? Nimetoa waya wa intaneti kwa ile moja, Offline ilikuwa inaendelea na stima ikapotea. Nikianza tena inaharibu kitu?

fundi_lanet
Hapana, anza tu upya. Hizo mbili pia uziskani leo.

JaKano_
Kwani huko Kondele stima imepotea pia? Huku Ahero tangu saa nane.