Stag yenye injini ya Rover: bado ni Stag?

Mleta mada, Coventry: Wakuu, habari za wikendi. Nina Triumph Stag ya 1973, gari lililoundwa mji huuhuu ninaoishi. Siti nne, turubai linalokunjwa nyuma, umbo alilichora Mwitaliano Giovanni Michelotti. Tatizo ni injini yake ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya cc 2997: inachemsha. Mwezi jana imenichemkia kwenye foleni. Kuchomoa kijiti cha oili, nakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi kwisha habari. Fundi anasema nitupe hiyo injini, anifungie V8 ya Rover, cc 3528. Mke wangu yuko upande wa fundi. Nyie mnasemaje?

Mdau, Leicester: Funga Rover ulale usingizi. Ni alumini tupu, asili yake Buick ya Marekani, na wenye Stag wamekuwa wakiifunga tangu zamani. Kinachochekesha, Rover na Triumph walikuwa chini ya mwavuli mmoja wa British Leyland toka 1968. Kiwandani wakasema haiingii, watu wakaiingiza kwenye gereji za uani! Na mwaka 1973 MG wakaitoa hiyohiyo ndani ya MGB GT V8. Nao waliua gari?

Mdau, Bristol: MGB hiyo ilitoka kiwandani hivyo, kaka, usichanganye mambo. Stag ilipewa injini yake peke yake, ndiyo maana ina mlio ambao Rover haitoi.

Na tuseme ukweli kuhusu huko kuchemsha. Pampu ya maji imekaa juu, katikati ya V. Maji yakipungua kidogo tu, inakuwa ya kwanza kukaukiwa. Hedi ni alumini, bloku ni chuma. Ukijaza maji ya bomba bila dawa ya kuzuia kutu, alumini inaliwa na tope linakwenda kuziba rejeta. Zipo bloku zilizotoka kiwandani na mchanga wa kalibu ndani. Mimi yangu niliifumua yote, nikaosha bloku mpaka maji yakatoka meupe, nikaweka rejeta mpya na cheni za taimingi mpya. Huu mwaka wa sita. Kiangazi, foleni, mlima, mshale wa joto umetulia katikati. Halafu siku ukitaka kuuza, mnunuzi atakachouliza mwanzo ni kama injini ni yake ya asili.

Mdau, Dar: Huku watu wanafunga 1JZ, injini ya Toyota, kwenye kila chenye matairi, hakuna anayeuliza gari kabila gani 😂. Ila bosi, kabla hujamlipa huyo fundi, muulize atakata nini. Kama injini ya zamani inaweza kurudi siku yoyote, funga Rover na hiyo ya zamani ifunike turubai uweke stoo. Akishashika grainda, hapo hakuna kurudi.

Mleta mada, Coventry: Nimemuuliza jioni hii. Vishikio vya injini atavikata na kuchomelea vingine, giaboksi nayo inabadilika. Nikamwambia basi ile ya zamani nitakaa nayo. Akakohoa kidogo, akasema bei aliyonitajia ilikuwa ni pamoja na yeye kuondoka nayo.

Wakuu, si alisema ni ya kutupa?