Wazee naombeni ushauri, niendeshe kampeni gani sasa, yaani hadithi ndefu ya gemu ya kuigiza wahusika?

Habari zenu ndugu. Mimi ni gemu masta mpya (yule anayesimulia hadithi na kusimamia sheria) hapa Kampala, tunacheza Dungeons & Dragons Jumapili jioni kwa rafiki yangu Ntinda, seti moja ya kete tunapitishiana, na juzi tumemaliza hadithi yake ya Lost Mine of Phandelver wahusika wakiwa levo ya 5. Wachezaji wamenogewa, wanataka tuendelee wiki ijayo!

Nafikiria mbili. Curse of Strahd, hadithi ya kutisha ya D&D ya 2016, naipenda mno, zile karata za mwanzoni ndo zinaamua hazina zimefichwa wapi kwa hiyo hata aliyeisoma hajui kila kitu, ila inaanzia levo ya 1 mpaka 10 na giza lake ni zito, kuna dada mmoja mezani hataki kabisa mambo ya watoto kudhurika na humo yamo. Nyingine ni Call of Cthulhu, gemu tofauti kabisa, kete za asilimia (1 hadi 100), upelelezi kuliko mapigano, lakini sheria zote mpya kwetu.

Mliowahi kuendesha Strahd, hizo sehemu mnazitoaje bila hadithi kuharibika? Na hawa wa levo ya 5 waendelee ama tuanze upya? Nataka sana hili kundi lidumu jamani.